Picha moja kwa siku: safari yetu ya Nzilo pamoja na mpiga gita



Juma lililopita tuliahidi kuwasimulia safari ya kikundi chetu kwenda ziwa Nzilo. Mama wengi ambao hawakuweza kuja wametuuliza tulikula nini, na kama ni kweli kwamba mwenzetu mmoja alianguka majini. Tulikula bukari, samaki na sombe. Kilichoanguka majini ni kifuniko cha sufuria, na kilipatikana. Lakini kitu kikubwa tulichorudi nacho si hicho. Tuliondoka Kolwezi kina mama kumi na wanne, tukarudi na picha kumi na nne, moja kwa kila mama. Leo tunapenda kueleza jinsi picha hizo zilivyopatikana, kwa sababu tangu siku ile tunaangalia nyumba zetu kwa jicho lingine.

Picha tatu kwa miaka thelathini na moja

Papa tuliyesafiri naye mnamjua wote. Ndiye anayeketi upande wa kushoto wa kwaya yetu, na gita lake lina uzi mmoja wenye rangi tofauti na mingine. Katika miaka ya 1980 alipiga katika orkestra za makambi ya wafanyakazi. Leo anapiga nyimbo za kanisa na kufundisha vijana wetu. Tulimwomba atusindikize ili njia isiwe ndefu. Alikubali, akaja na gita lake na telefone yake ndogo yenye kioo kilichopasuka.

Sisi tulikuwa na swali lake moyoni tangu zamani. Kila siku, popote alipo, papa huyu anasimama, anatoa telefone, anapiga picha moja, anairudisha mfukoni. Hapigi ya pili. Wengine kati yetu walidhani anawatumia watoto wake habari za mji. Wengine walisema ni mambo ya uzee. Ndani ya basi dogo tulilokodi, mama mmoja alijipa moyo akamuuliza.

Papa alinyamaza kidogo. Kisha akatueleza kwamba mke wake alipofariki, watu wa matanga walimwomba picha ya kuweka mbele ya jeneza. Alifungua sanduku, akatafuta usiku kucha pamoja na binti zake. Walipata picha tatu. Ya kwanza ilikuwa ya arusi. Ya pili ilikuwa ile ya kadi ya mpiga kura, ndogo na yenye giza. Katika ya tatu mama alikuwa amegeuza kichwa, anamwita mtoto.

«Miaka thelathini na moja ya ndoa, ba mama, na picha tatu,» alisema. «Picha za watoto zilikuwa nyingi: ubatizo, komunyo, siku ya kupata diploma. Yeye hayumo. Yeye ndiye aliyewaogesha, akawapaka mafuta, akawavalisha, akawasukuma mbele ya fotografe, halafu akarudi nyuma. Katika picha moja ya kitindamimba wetu mkono wake unaonekana, umemshika mtoto mgongoni asianguke. Mkono tu. Binti zangu walitaka tuikuze ile ya arusi. Mimi usiku ule nilikaa na ile ya mkono.»

Basi lilikuwa kimya. Kila mmoja wetu alikuwa anahesabu picha zake kichwani. Nanyi mnaosoma, hesabuni kidogo: una picha ngapi ambamo unaonekana wewe mwenyewe, siku isiyo ya arusi wala ya matanga, ukiwa na kikwembe chako cha nyumbani, unafanya kazi unayoifanya kila siku? Mama mmoja kati yetu mwenye watoto sita alipata jibu: hakuna hata moja.

Kwa nini moja, na kwa nini kila siku

Papa alianza baada ya kumaliza matanga, na sasa ni mwaka wa nne. Tulimuuliza kwa nini apige kila siku, kwani kuna siku ambazo hakuna kitu cha kupiga. Alitujibu kwa habari za gita.

«Mtoto akija kujifunza gita, ninamkataza kupiga saa sita siku ya Jumamosi halafu kulilaza gita juma zima. Apige robo saa kila siku. Vidole vinasahau upesi kuliko kichwa. Macho nayo ni hivyo hivyo. Nilimwona mke wangu kila siku lakini sikumwangalia kila siku. Sasa ninafundisha macho yangu, kama vile ninavyofundisha vidole vya watoto.»

Sisi tunaofundisha shuleni tulielewa mara moja. Mtoto anayesoma ukurasa mmoja kila jioni anamshinda yule anayengoja mtihani ndipo afungue kitabu. Hatukuwahi kufikiri kwamba hata kuangalia ni somo.

Na kwa nini moja tu? Alisema kwamba akipiga kumi hachagui, anaokota. Akijua kwamba leo anayo moja, basi tangu asubuhi anauliza: ni hii? Au nisubiri? Anapita karibu na mama anayekaanga mikate, anapita karibu na watoto wanaoruka kamba, anaona mzee anashona kiatu. Anaviacha vingi, lakini ameviangalia vyote. Picha anayopiga ni moja, na mambo aliyoyaona siku hiyo ni ishirini.

Mwenzetu anayeuza unga sokoni hakukubali upesi. «Papa,» alisema, «haya ni mambo ya watu wenye nafasi. Telefone yangu ni ya kupokea oda. Mega zangu ni pesa ya unga.» Papa hakukasirika. Alimwambia kwamba kupiga picha hakuli mega hata moja, ni kuituma ndiko kunakula. Halafu akatoa shauri: leo, tangu hapa mpaka tutakaporudi, kila mama apige picha moja. Asiye na telefone atumie yake. Na asiyetaka asilazimishwe. Mama wa unga alisema ataona.

Kapata, na wale waliobeba namba

Tulianzia Kapata kuwachukua wenzetu watatu. Mnazijua nyumba zile za safu, makao ya wafanyakazi wa Gécamines. Wengi wetu tulizaliwa au kulelewa katika makambi ya namna hiyo. Babu zetu waliitumikia Union Minière, baba zetu wakaitumikia Gécamines baada ya mali ya kampuni ile kutaifishwa mwaka wa 1967.

Kampuni ilipiga picha nyingi. Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka wa 1978, alichukua picha za zamani za wafanyakazi, akaziweka juu ya picha za leo za viwanda vilivyonyamaza. Kazi hiyo ya mwaka wa 2006 inaitwa Mémoire, yaani Kumbukumbu. Baadaye alikuja hapa kwetu Kolwezi, akapiga machimbo na mahema ya wachimbaji, akayaweka kando ya yale mabango ya karatasi yanayotoka China, yenye maporomoko ya maji na majumba mazuri, ambayo wengi wetu tuliyatundika sebuleni. Yeye pamoja na mwandishi Patrick Mudekereza na wenzao walianzisha kule Lubumbashi kituo chenye jina lililo neno letu hili hili: Picha. Tangu mwaka wa 2008 kituo hicho kinakusanya wasanii kila baada ya muda kuonyesha kazi zao.

Tulipokuwa tunasimulia hayo, mama mmoja wa Kapata aliuliza kitu ambacho hatukuweza kukijibu: katika picha hizo za baba zetu waliosimama kazini, yuko wapi aliyeamka saa kumi kumpikia yule mfanyakazi? Akashuka, akapiga picha yake. Alipiga jiko la nje la mama yake mzazi: mawe matatu, makala, na kibao cha kukalia ambacho kimechongoka kwa kukaliwa miaka mingi. Mama yake alicheka sana, akasema wamepiga picha ya masizi.

Mama aliyeinua mkono

Baadaye basi lilisimama kando ya kijito ambako kina mama na watoto walikuwa wanaosha mawe ya madini. Mwenzetu kijana, anayependa sana telefone, alishuka akaielekeza kwa mtoto aliyekaa majini na beseni. Mara mama wa mtoto aliinua mkono.

«Hapana, mama. Watu wanakuja hapa kila wakati na mashine zao. Wanapiga sura ya mtoto wangu, wanakwenda. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia sura hiyo imefika wapi.»

Mwenzetu alishusha telefone. Alikuwa karibu kulia kwa aibu, na sisi sote tulikuwa na aibu naye, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemsalimu mama yule kabla ya mashine kutoka mfukoni. Papa alikaa juu ya jiwe, akaamkia, akauliza habari za watoto. Tukasalimiana, kila mtu akataja anakotoka. Tuligundua kwamba mama yule alikuwa amesoma darasa moja na mmoja wetu. Tulikaa pale karibu nusu saa. Hatukupiga picha yoyote.

Tulipoinuka kuaga, yeye ndiye aliyetuita. Alisema: «Nipigeni mimi, mtoto hapana. Lakini ngojeni ninawe.» Akapanda juu, akaosha uso na mikono, akafungua mfuko akatoa kitambaa cha kichwa, akakifunga vizuri. Alichagua mwenyewe mahali pa kusimama, mbali na mawe, mbele ya majani mabichi. Hakucheka. Aliangalia mbele kama mtu anayeangaliana na mwenzake wa rika. Mwenzetu kijana alipiga, mara moja tu.

Jumatano iliyofuata tulimpelekea picha yake kwenye karatasi. Aliishika kwa ncha za vidole ili asiilowanishe, akaiangalia muda mrefu, kisha akaifunga ndani ya kitambaa kile kile. Tunaandika haya kwa ruhusa yake, na jina lake hatulitaji.

Kina mama, jambo hili tulichukue kwa uzito. Mji wetu unapigwa picha sana kwa sababu ya kobalti, na mara nyingi wanaopigwa ni watoto wetu wakiwa wachafu na wamechoka. Ni kweli kwamba kazi ile ipo, na kwamba watoto hawapaswi kuifanya. Lakini mtoto ni mtu, ana mama, na kesho atakuwa mkubwa atakayejiona.

Mji ambao ardhi yake inahama

Ili kwenda Nzilo tulirudi kwanza mjini. Papa alitufungulia telefone yake, tukapokezana. Mna picha zaidi ya elfu moja humo. Nyingi ni vitu vidogo: ndoo kwenye foleni ya maji, mwavuli wa muuza mikate, miguu ya kwaya chini ya benchi. Lakini ukizipitisha upesi unaona kitu kingine. Kuna kilima cha udongo wa mgodi ambacho alikipiga kutoka mlango wa kanisa mara nyingi, na katika kila picha kinapanda kidogo. Kuna mwembe aliopiga ukiwa na maua, ukiwa na maembe, ukiwa na vumbi la kiangazi. Katika picha ya mwisho mwembe haupo, pana uzio.

Hiyo ndiyo Kolwezi yetu. Tangu mwaka wa 2015 ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba, barabara zimeongezeka na majengo yamepanda, nasi tunafurahi. Lakini ni mji ambao ardhi yake inahama. Mnakumbuka mwaka wa 2014 pale Kasulo, mtu alichimba kwake akakuta kobalti, na baada ya muda mfupi mtaa mzima ulikuwa umejaa mashimo, hata ndani ya nyumba. Mwaka wa 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na mamia ya familia wakahama.

Mmoja wetu ni mtu wa Kasulo. Alisema pesa ya kuhama ilihesabu vyumba, mabati na miti. Kulikuwa na kitu ambacho hakikuweza kuhesabiwa, naye hakukipiga picha: upande wa ndani wa mlango wa chumba, ambapo alikuwa anawasimamisha watoto wake kila sikukuu ya Noeli na kuchora mstari kwa kipande cha makala juu ya vichwa vyao. Mistari ya watoto watano kwa miaka tisa. Siku ya kubomoa alikumbuka masufuria, akakumbuka magodoro, akakumbuka hata kamba ya kuanikia nguo. Mlango aliukumbuka akiwa tayari juu ya lori.

Papa alimsikiliza, kisha akainua telefone yake. «Kobalti ya kwetu imo ndani ya betri hii,» alisema. «Inatoka hapa ikiwa udongo, inazunguka dunia, inarudi ikiwa na bei. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inachimbwa katika nchi yetu. Basi angalau mashine hii itutumikie na sisi, itunzie mlango wa mama huyu.»

Nzilo

Barabara ya Nzilo inaelekea kaskazini katikati ya miti ya miombo. Ilikuwa Mei, mvua zimekwisha, majani bado marefu, na vumbi halijaanza kutawala. Tuliimba mpaka sauti zikapasuka.

Pale Nzilo mto Lualaba umezuiwa kwa ukuta uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati ukiitwa Delcommune, ili kuvipa umeme viwanda vya shaba. Nyuma yake maji yameenea mpaka jicho linachoka. Lualaba ndio mto Kongo wenyewe kabla haujabadili jina, na kwa mtu aliyezoea kuona mashimo na vilima vya udongo, kuona maji mengi hivyo ni kama kupumua. Wavuvi walikuwa wanarudi na mitumbwi, kina mama wanawapokea na mabeseni. Mama wa unga, yule aliyesema ataona, aliuliza bei ya samaki, akabishana, akanunua, na katikati ya kubishana akatoa telefone akampiga muuza samaki akiwa amefungua mdomo wote kwa kicheko. Alimwomba ruhusa kwanza.

Baada ya kula, mama mzee wa kikundi chetu alisema neno ambalo hatukulitegemea. Wazee wa Kolwezi bado wanahesabu miaka mbele ya vita na nyuma ya vita, yaani vile vilivyoingia mjini tarehe 13 Mei 1978. Yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Walikimbia na vile walivyokuwa wamevaa. Kopo la biskuti lenye picha za nyumbani lilibaki juu ya kabati, na waliporudi halikuwepo. Mama yake alifariki muda mfupi baadaye.

«Sura ya mama yangu sina,» alisema. «Nikitaka kumwona, asubuhi ninaangalia kioo kabla ya kunawa. Kadiri ninavyozeeka anakuja karibu. Lakini wajukuu wangu nitawaonyesha nini?»

Papa alichukua gita lake, akapiga polepole bila kuimba. Kisha akatueleza habari za Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, aliyezaliwa mwaka wa 1930. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akikusanya muziki, alipita Likasi, ambayo wakati ule iliitwa Jadotville, akamkuta kijana huyo na gita. Alirekodi «Masanga», na wimbo huo ukafika mbali sana. Mwenda alifariki mwaka wa 1990, na vidole vyake vya mwaka wa 1952 bado tunavisikia.

«Watu wanasema ni bahati,» papa aliendelea. «Bahati ilikuwemo. Lakini siku mashine ilipopita, Mwenda alikuwa na gita mkononi. Walikuwepo wapigaji wengi katika makambi yetu. Mashine haikuwakuta, nao wameondoka na nyimbo zao. Leo mashine haipiti tena mara moja katika maisha. Imelala mfukoni mwenu usiku na mchana. Msingoje mgeni.»

Alitukumbusha pia kwamba wanamuziki wa kwetu walijua zamani thamani ya picha: Franco mwenyewe, mwaka wa 1954, alimwita Jean Depara awe mpiga picha wake, na kwa picha za Depara leo tunaona jinsi watu wa Kinshasa walivyovaa na kucheza.

Tuliporudi nyumbani tulijifunza kwamba papa si wa kwanza kushika desturi hii. Kule New York, Jamie Livingston alianza tarehe 31 Machi 1979 kupiga picha moja karibu kila siku. Aliendelea mpaka tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki, akiwa ametimiza miaka 41 siku hiyo hiyo. Aliacha picha zaidi ya elfu sita. Marafiki zake walizipanga kwa tarehe, na anayezipitia anaona chakula mezani, vyumba, watu wakicheka, kisha ugonjwa, kisha mwisho. Hakujua alikuwa anaandika maisha yake yote. Alikuwa anapiga ya siku hiyo tu.

Mambo ya kushika

Kabla ya kumaliza, haya ndiyo tuliyokubaliana kikundini, nanyi wa vikundi vingine mnaweza kuyatumia.

Salimu kwanza, omba ruhusa, ndipo utoe telefone. Akikataa, shukuru.

Picha za watoto zibaki nyumbani. Usizitume katika makundi ya WhatsApp, zaidi sana za watoto wa wengine, wagonjwa, au walio kazini.

Uliyemwahidi picha, mpelekee. Karatasi moja kwa fotografe haizidi bei ya mikate ya chai, na ahadi isiyotimizwa inaharibu njia ya atakayekuja nyuma yako.

Andika nyuma ya karatasi jina, mahali na tarehe. Leo unamjua kila mtu, lakini mjukuu wako hatawajua.

Usiweke zote mahali pamoja. Papa aliibiwa telefone mwaka wa pili, miezi mitano ikapotea. Tangu hapo kila mwisho wa mwezi anamtumia binti yake nakala. Sisi tumeamua kutoa kila mwezi picha nne kwenye karatasi, kwa pesa kidogo ya likelemba, na kuziweka katika kopo lenye kifuniko, mbali na mvua na panya.

Na la mwisho: mpe mtu mwingine telefone, nawe uingie ndani ya picha. Usingoje libaya jipya. Mtoto wako hatakumbuka libaya. Atatafuta uso wako siku ya kawaida, na mikono yako ikiwa na unga.

Picha ya kumi na nne

Picha zetu sasa zimetundikwa katika chumba cha mkutano. Mtaona jiko la Kapata, mama mwenye kitambaa cha kichwa, muuza samaki anayecheka. Mama wa Kasulo alipiga mlango wa basi, kwa sababu, alisema, kuanzia leo hawezi kuona mlango akaupita.

Ya mwisho ni ya mama mzee. Alikuwa hajawahi kupiga picha maishani mwake. Siku nzima alikataa kila kitu tulichomwonyesha: ziwa, mitumbwi, jua. Tulipokuwa tunaingia ndani ya basi alinyoosha mkono, akamwomba papa telefone yake.

«Baba, simama pale,» alimwambia. «Katika picha zako zote elfu moja na kitu nimekutafuta, sikukuona. Binti zako watakuja kukutafuta kama ulivyomtafuta mama yao.»

Papa alisimama mbele ya maji na gita lake, hajui mikono aiweke wapi. Mama mzee alibonyeza. Tulipoangalia, kidole chake kilikuwa kimefunika kona ya juu, na papa amefumba jicho moja. Papa akacheka, akamwomba apige nyingine.

Mama mzee alimrudishia telefone, akapanda basi.

«Moja kwa siku,» alisema. «Wewe mwenyewe ndiye uliyesema.»